Gemu za Windows kwenye Linux: unapolinganisha kasi, unapima nini hasa?

Laptopu nyingi zinazouzwa Dodoma kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu ni zile zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za watu nje ya nchi: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Hazina kadi ya picha ya pekee. Zina chipu ya Intel ambayo ndani yake prosesa na sehemu ya kuchora picha vimekaa pamoja, na ndiyo hiyo inayobeba PES, GTA na Dota usiku kwenye hosteli za UDOM na vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana za kizazi cha 7, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kutunzia funguo za siri. EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U, mashine ambayo bado ina miaka ya kazi mbele yake, haikidhi masharti hayo. Ndiyo maana watu wengi ambao hawakuwahi kuifikiria Linux sasa wanaifikiria, na swali lao la kwanza, wala si jambo la kuwaonea aibu, ni kama gemu zitacheza.

Wakiuliza wanapata majibu mawili. Mmoja anawaambia Linux ni nyepesi, gemu zitakimbia kuliko zilivyokuwa. Mwingine anasema alijaribu, gemu ikawa inakwamakwama, akarudi Windows siku hiyohiyo. Nawaamini wote wawili. Kila mmoja anasimulia alichokiona. Shida ni kwamba hakuna aliyepima Linux peke yake. Kati ya kubofya gemu na picha kutokea kwenye skrini kuna tabaka kadhaa za programu, kuna RAM, kuna joto, na kila kimoja kinaweza kuongeza au kula kasi. Usipojua ni tabaka gani lililobadilika, namba uliyoisoma kwenye kona ya skrini haikuambii chochote kuhusu mfumo endeshi.

Kinachotokea ukibofya gemu

Gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows imebeba vitu vya aina mbili. Kuna maelekezo ya prosesa: jumlisha, linganisha, rukia mstari fulani. Hayo ni mali ya Intel na AMD, hayahusiani na Microsoft, na prosesa ikiwa chini ya Linux inayatekeleza moja kwa moja bila kupunguziwa kitu. Halafu kuna maombi kwa mfumo endeshi: nifungulie faili hili, nigawie kumbukumbu, nisomee kibodi, nichoree pembetatu hizi. Maombi haya yamepangwa kwa utaratibu wa Windows, na Linux ikiyapokea yalivyo haiyaelewi.

Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unashughulika na kundi hili la pili. Waandishi wake wameandika upya maktaba za Windows ili ombi la gemu lijibiwe na kerneli, yaani kiini cha Linux. Emuleta huiga prosesa nzima na kwa hiyo hula nguvu nyingi. Wine haifanyi hivyo. Mtu anayeamini kwamba nusu ya nguvu ya mashine inapotea kwa sababu “Windows inaigizwa” ameanza na picha isiyo sahihi, na kila kipimo atakachofanya atakisoma kwa jicho hilo.

Ugumu mkubwa uko kwenye picha. Gemu za Windows huzungumza na kadi ya picha kupitia Direct3D, ambayo Microsoft inaimiliki tangu mwaka 1996 na ambayo matoleo yake unayokutana nayo zaidi ni ya 9, 11 na 12. Draiva za Linux, yaani programu zinazoiendesha chipu ya picha, zinajua OpenGL, iliyoanza mwaka 1992, na Vulkan, iliyotolewa na Khronos Group Februari 2016. Kwa miaka mingi Wine ilitafsiri Direct3D kwenda OpenGL. Gemu zilifunguka, lakini mara nyingi taratibu, kwa sababu OpenGL huficha mambo mengi ndani ya draiva na mtafsiri hawezi kuamua kazi fulani ifanyike saa ngapi. Vulkan imefanya kinyume. Imeacha kumbukumbu, foleni za amri na mpangilio wa kazi mikononi mwa mwandishi wa programu. Kwa anayeandika gemu huo ni mzigo. Kwa anayeandika mtafsiri ni neema, kwa sababu sasa anaweza kupanga kila kitu anavyotaka.

Mwanzoni mwa 2018 Philip Rebohle alitoa DXVK, programu inayopokea maombi ya Direct3D 11 na kuyageuza kuwa ya Vulkan. Baadaye ikapokea pia Direct3D 10 na 9. Agosti mwaka huohuo Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ikishirikiana na CodeWeavers, ikaichukua Wine, ikaiunganisha na DXVK, ikaiweka ndani ya Steam kwa jina la Proton. Direct3D 12 ina mtafsiri wake, VKD3D-Proton. Ukisikia mtu anasema gemu inacheza kwenye Linux “kwa Proton”, mnyororo wote huo ndio uliofanya kazi: gemu, kisha Wine na DXVK, kisha draiva ya Vulkan, kisha kerneli, kisha chipu.

Mfano wa mkalimani unafaa hapa, mradi tusiukuze kupita kiasi. Afisa ugani anazungumza Kiswahili kijijini Bahi, bibi kizee anasikiliza kwa Kigogo, katikati yupo mkalimani hodari. Sentensi za kawaida zinapita bila mkutano kuchelewa. Mkutano unasimama pale linapotokea jambo ambalo mkalimani hajawahi kulisikia, akalazimika kufikiri kwanza. Likirudi mara ya pili halimsumbui tena.

Ndivyo zilivyo sheda. Sheda ni programu fupi zinazoendeshwa na chipu ya picha ili kuamua rangi ya maji, moshi, jezi inayometa. Ndani ya gemu ya Windows zimehifadhiwa kwa muundo wa Microsoft. DXVK inazigeuza kuwa muundo wa Vulkan, kisha draiva inazigeuza tena kuwa maelekezo halisi ya chipu iliyomo ndani ya mashine yako. Kazi hiyo hufanyika sheda inapohitajika kwa mara ya kwanza, na kwenye i5 yenye viini viwili tu inaweza kuchukua sehemu ya sekunde inayoonekana kwa macho. Mlipuko wa kwanza, gemu inaganda. Mvua ya kwanza, inaganda. Baada ya hapo sheda inawekwa kwenye kashe na haikusumbui tena.

Sasa mfikirie yule aliyejaribu akarudi Windows siku hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa alikuwa anapima utengenezaji wa sheda. Angecheza jioni mbili tatu gemu ileile, angeona mashine tofauti. Tangu DXVK 2.0 ya Novemba 2022 hali imekuwa nzuri zaidi, kwa sababu kwenye draiva zinazoruhusu, sheda nyingi zinaweza kuandaliwa mapema wakati gemu inapakia. Steam nayo inaweza kukupakulia sheda zilizokwisha kuandaliwa kwingine. Hilo linasaidia, lakini linakula bando, na kwa gemu kubwa si kidogo. Kwenye setingi za Steam unaweza kulizima ukakubali kukwama kidogo siku za mwanzo. Mimi ningelizima kwa mtu anayenunua bando la siku, na kuliacha kwa mwenye intaneti ya chuo.

Zombi za mwaka 2012

Kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho naona kinaeleza suala hili kuliko majedwali mengi mapya. Mwaka 2012, kabla Steam haijatoka rasmi kwa Linux, Valve ilihamishia huko gemu yake ya kuua zombi, Left 4 Dead 2. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza ilitoa fremu, yaani picha kamili za skrini, 6 kwa sekunde. Baada ya wahandisi kuifanyia kazi, kwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA GTX 680, ilifikia fremu 315 kwa sekunde. Kompyuta hiyohiyo ikiwa na Windows 7 ilitoa 270.6. Habari zikaenea kwamba Linux imeipiga Windows.

Wahandisi wenyewe hawakuishia hapo. Waliichukua gemu ileile, kwenye Windows ileile, wakaiendesha kwa OpenGL badala ya Direct3D, wakapata 303.4. Windows haikubadilika. Kadi haikubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kuzungumza na kadi, na peke yake ilifuta sehemu kubwa ya ule ushindi. Anayelinganisha leo gemu ya Direct3D kwenye Windows na gemu hiyohiyo kupitia DXVK na Vulkan kwenye Linux yuko mahali palepale: amebadilisha mfumo endeshi, draiva na njia ya mawasiliano kwa mpigo mmoja, halafu tofauti yote anaipa jina la mfumo endeshi.

Kipimo hicho kinafundisha na jambo la pili. Tofauti ya fremu 44 inasikika kubwa. Lakini fremu 315 kwa sekunde maana yake kila fremu ilichukua milisekunde 3.17, na fremu 270.6 ni milisekunde 3.70. Tofauti ni nusu milisekunde. Chukua laptopu iliyokuwa ikitoa fremu 30, ukaipandisha hadi 40: kila fremu imetoka milisekunde 33.3 hadi 25, umeokoa zaidi ya milisekunde 8. Fremu 10 za chini zina uzito mara nyingi kuliko fremu 44 za juu. Kwa hiyo majedwali ya wapimaji wa nje wenye kadi kubwa, yanayosema mfumo huu umeuzidi ule kwa fremu 20 katika 180, hayana msaada mkubwa kwa mtu mwenye Intel HD 520, ile sehemu ya picha iliyomo ndani ya i5-6300U. Yanapima sehemu ya mnyororo ambayo kwake haijafikiwa.

Chipu ya Intel na majirani zake

Kabla ya kupima chochote, soma namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kizazi kinaamua mengi kuliko jina zuri lililobandikwa kwenye kifuniko.

Kizazi cha 4, kama kile cha Latitude E7440, kina tatizo la msingi. Draiva yake ya Vulkan kwenye Linux haijakamilika, na yenyewe hutoa onyo hilo waziwazi kila programu ya Vulkan inapowashwa. DXVK kuanzia toleo la 2.0 inataka Vulkan 1.3, ambayo chipu hiyo haina. Matokeo yake Proton mpya hugoma, na unabaki na njia mbili: Proton ya zamani yenye DXVK ya familia ya 1.10, au kurudi kwenye tafsiri ya OpenGL kwa kuweka PROTON_USE_WINED3D=1 kwenye maelekezo ya kuwashia gemu. Zote zinafanya kazi kwa gemu za zamani. Lakini ukilinganisha mashine hiyo na Windows, unailinganisha ikiwa imefungwa mguu mmoja, na anayenunua laptopu iliyotumika kwa nia ya kucheza gemu kwenye Linux ningemwomba aongeze pesa kidogo apate kizazi cha 6. Kuanzia hapo draiva ya Vulkan ya Intel iliyomo ndani ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za picha za Linux, imekamilika na inaendelea kutunzwa.

Inayofuata ni RAM, na hapa ndipo naona watu wengi wakipoteza kasi bila kujua. Chipu isiyo na kadi ya pembeni haina kumbukumbu yake. Inachota picha kwenye RAM ileile inayotumiwa na prosesa. RAM ya DDR4 ya 2133 ikiwa kipande kimoja inapitisha takribani gigabaiti 17 kwa sekunde. Vipande viwili vikifanya kazi pamoja vinapitisha kama 34. Laptopu yenye GB 8 kwenye kipande kimoja na nyingine yenye GB 4 mara mbili zinaonekana sawa dukani, lakini kwenye gemu ni mashine mbili tofauti. Mtu akikuambia laptopu ya rafiki yake, ileile kama yako, inakimbia zaidi kwa sababu ina Linux, mwombe fundi afungue vifuniko vyote viwili mhesabu vipande kwanza.

Halafu kuna wati na joto. Prosesa kama i5-6300U imepangiwa wati 15, na wati hizo zinagawanywa kati ya viini vya prosesa na sehemu ya picha. Kwenye kompyuta kubwa ya mezani kazi ya ziada ya kutafsiri Direct3D inaangukia prosesa ambayo mara nyingi ina nguvu ya kubaki. Kadi ya picha ina umeme wake. Kwenye laptopu hizi, kila wati anayokula mtafsiri imetolewa kwenye sahani ya mchoraji. Ndiyo maana gemu inayoenda sawasawa kwenye mifumo yote miwili huko kwa wapimaji inaweza kuonyesha tofauti kwenye EliteBook yako, na tofauti hiyo ni ya kweli.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, Dodoma ni joto na vumbi. Vumbi hilo linaingia kwenye feni na kukaa kwenye mapezi ya kupoozea. Chipu ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue, na hapo hakuna mfumo endeshi wa kuisaidia. Nimeona laptopu ikifunguliwa, feni ikapulizwa, pesti ya prosesa ikabadilishwa, ikarudi na fremu ambazo hakuna toleo lolote la Linux wala Windows lingezileta. Ianze hapo kazi yako, kisha ndiyo uzungumzie programu.

Joto pia linaharibu vipimo kwa mpangilio. Ukianza na Windows mashine ikiwa baridi, kisha ukawasha Linux mashine ikiwa imeshachemka, Linux itashindwa bila kosa. Pima Windows, Linux, Linux tena, halafu Windows, na laptopu iwe kwenye chaja muda wote, kwa sababu kwenye betri mifumo hii miwili inabana umeme kwa namna zisizofanana.

Kupima kwa haki

Chombo ninachokipenda kwenye Linux ni MangoHud. Unaandika mangohud %command% kwenye maelekezo ya kuwashia gemu ndani ya Steam, na juu ya skrini unapata fremu kwa sekunde na muda wa kila fremu, na ukiiwekea setingi, joto, kasi ya chipu na jina la draiva pia. Inaweza pia kuhifadhi kumbukumbu kwenye faili ukaja kuikokotoa kwa utulivu. Upande wa Windows kuna PresentMon ya Intel na CapFrameX.

Kitu cha kwanza kukisoma ni lile jina la draiva. Ukiona llvmpipe, chipu ya picha haifanyi kazi kabisa na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Kipimo chochote kilichofanywa hapo kitupwe. Kwenye laptopu yenye chipu mbili, Intel na NVIDIA, hakikisha gemu imepewa ile uliyoikusudia.

Kisha achana na wastani. Tuseme katika sekunde moja gemu imetoa fremu 50, kila moja kwa milisekunde 10, halafu fremu ya 51 ikachukua milisekunde 500. Kihesabio kitaandika 51 kwa sekunde, na mchezaji atakuwa amekaa nusu sekunde mbele ya picha iliyoganda, pengine akiwa peke yake na kipa. Namba inayofichua hilo ni ile ya asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi, ambayo wapimaji wengi huitoa pamoja na wastani. Angalizo: baadhi ya vyombo huikokotoa kama wastani wa fremu hizo mbovu, vingine kama mpaka ambao asilimia 99 ya fremu ziko upande wake wa juu. Majibu hayalingani. Chukua muda wa fremu moja moja kutoka pande zote mbili, uukokotoe mwenyewe kwa njia moja.

Zima kusubiri kwa skrini, ile V-Sync, kwenye mifumo yote miwili. Skrini ya 60 Hz ikiachwa iamue, mashine mbili zenye nguvu tofauti zitaonyesha 60 zote. Weka setingi za gemu kwa mkono, kwa sababu gemu hujichagulia, na si lazima ichague sawa pande zote. Cheza kipande kilekile cha gemu, raundi ya kwanza usiihesabu kwa sababu ya sheda, kisha rudia mara kadhaa. Kama Linux imekupa 41, 44 na 42, na Windows 43, 42 na 45, mifumo iko sawa. Tofauti kati ya raundi za mfumo mmoja ni kubwa kama tofauti kati ya mifumo yenyewe, na hakuna cha kubishania.

Ukitaka kujua kinachokubana, shusha rezolusheni. Kutoka 1366×768 hadi 800×600, fremu zikipanda sana, sehemu ya picha ndiyo ilikuwa imefika mwisho. Zisipopanda, ni prosesa, na hapo ndipo gharama ya mtafsiri inaweza kuwa na mkono wake.

Usiendeshe gemu kwenye Linux kutoka kwenye kipande cha diski cha Windows. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo: gemu ya GB 100 haipakuliwi mara mbili. Lakini NTFS, muundo wa diski wa Windows, haukubaliani vizuri na namna Proton inavyopanga mafaili yake, gemu nyingine hazifunguki kabisa, na draiva ya zamani ya NTFS hutumia prosesa kupita kiasi. Nakili gemu kwenda kwenye kipande cha Linux. Na kama rafiki wa chumba cha pili anayo kwenye Steam, tangu 2023 Steam inaweza kuivuta kutoka kwenye kompyuta yake kupitia Wi-Fi au waya bila kugusa bando, hata kama yeye yuko Windows.

Kwa anayetaka kutenga kabisa suala la tafsiri, Dota 2 ni chaguo zuri. Ni ya bure, ina toleo lake la Linux, na Vulkan inapatikana pande zote mbili. Ukiiendesha kwa Vulkan huku na huku, DXVK na Wine zimetoka kwenye mnyororo na tofauti inayobaki inatokana na draiva, kerneli na mipango ya umeme. SuperTuxKart pia, gemu ya mbio za magari ya chanzo huria, inafaa kwa kazi hiyo na ni nyepesi kwa mashine dhaifu.

AMD na NVIDIA

Kwa mwenye AMD maelezo ni mafupi. Draiva iko ndani ya kerneli na Mesa, husakinishi kitu. Sehemu yake ya Vulkan, RADV, ilianzishwa mwaka 2016, na Valve imewekeza humo hadi kutengeneza kitafsiri kipya cha sheda. Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, inatumia chipu ya AMD, na sifa nyingi unazosikia kuhusu gemu kwenye Linux zinatoka huko. Usizihamishie kwenye Intel au NVIDIA kana kwamba ni jambo moja.

NVIDIA inahitaji draiva ya kampuni yenyewe. Ukibaki na draiva huria ya zamani ya Nouveau, kadi za GTX 900 na 1000 hukaa kwenye kasi ya chini kwa sababu programu ya ndani inayoruhusu kupandisha kasi imewekewa sahihi ya NVIDIA. Watu wamepima hapo na kutoa hukumu. Ukiweka draiva sahihi, gemu za Direct3D 11 huwa karibu na Windows. Za Direct3D 12 ndizo ambazo kwa muda mrefu zimekuwa zikipoteza kasi upande huu.

Ukiona mtu analinganisha aina za Linux, kama Ubuntu na Fedora au Mint, muulize toleo la kerneli na la Mesa. Mara nyingi tofauti yote imo humo, na ukisasisha moja ifikie nyingine inatoweka.

Gemu zisizofunguka

Kuna kundi ambalo kasi haina maana kwake. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni zina programu ya kuzuia udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya Windows. Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye zilitangaza kuikubali Proton, lakini kila mtengenezaji wa gemu lazima aruhusu mwenyewe. Wengine wamekataa. Fortnite na Valorant hazichezeki kwenye Linux. Apex Legends iliruhusiwa, kisha ikafungwa mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V ya hadithi inacheza, ila GTA Online iliwekewa BattlEye Septemba 2024 na wachezaji wa Linux wakaachwa nje. Upande wa mpira, EA ilileta kizuizi chake kuanzia FIFA 23, na EA Sports FC, zilizoifuata FIFA, zinacho. Hakiungi mkono Linux.

Mwenye kucheza FC mtandaoni na wenzake abakize kipande cha Windows kwenye diski, na kama laptopu yake ni ya kizazi cha 6, kipande hicho kitakuwa cha Windows 10, basi asifanyie humo mambo ya benki wala barua pepe. Gemu nyingine zote azitafute kwanza kwenye ProtonDB, tovuti ambapo wachezaji huripoti gemu zinavyocheza kwa Proton, asome ripoti za watu wenye chipu ya Intel kama yake, kabla ya kununua bando la kuzipakua.